Kijiti Kisichoanguka

Mimi si mtu wa hadithi za kuogofya. Nimefundisha darasa la sita miaka thelathini na mmoja katika shule za upande huu wa Runyenjes, na mtoto akinijia mbio kuniambia ati ameona kitu kwa choo, namwambia aende akanawe uso arudi kwa hesabu. Kwa hivyo mkinisikia nikisema haya, mjue sisemi kwa kupenda. Nimechoka kukaa nayo, basi.

Baba yangu aliitwa Munyi. Alikuwa na kaka mmoja tu, Runji, ambaye sisi watoto tulimwita baba mkubwa. Nyumba zao zilitazamana, karibu na daraja la mto Thuci, pale Embu inapoishia na upande wa Chuka unapoanza. Katikati kulikuwa na ua wa kayaba. Na kwa miaka zaidi ya hamsini, wewe, ndugu wawili wa tumbo moja hawakusemezana. Baba akitaka jembe la kaka yake, ananituma mimi. Baba mkubwa akitaka kujua kama ng'ombe wa Baba amezaa, ananiuliza mimi. Nilipoolewa nilidhani nimepona hiyo kazi. Wapi! Niliolewa kilima cha pili tu, wakaendelea kunituma.

Baba alitembelea fimbo mbili. Nyonga yake ilivunjwa kambini wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, ikapona vibaya. Baba mkubwa naye alikuwa na mkono wa kulia usiofunguka. Ngumi tu, mchana na usiku, na ndani ya ngumi kulikuwa na kijiti cheusi, urefu wa shubiri moja na nusu, kimetokeza huku na huku. Alilima kwa kushoto, alikula kwa kushoto. Daktari wa misheni alisema ni mishipa. Tukiwa wadogo tulijua ndivyo alivyo, vile mwingine ana kipara.

Kilichonisumbua mimi si ngumi. Ni uchovu. Baba mkubwa hakulala chini hata siku moja. Alilala amekaa kwa kiti, mgongo ukutani, na miguu yake ilisogea. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukimwamkua asubuhi, "Habari ya kuamka, baba mkubwa?" anakujibu, "Nimechoka." Hakusema hivyo vile tunavyosema sisi tukitoka shambani. Alisema kama mtu anayekupa jina lake.

Sasa, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, mwezi wa nane, alianza kuugua. Nilimpelekea uji Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri. Nikakaa mlangoni kuchambua maharagwe yake. Akaniambia, "Igandu, weka hiyo sinia chini." Nikaweka. Akaniambia kitu ambacho kumbe alikuwa amejaribu kumwambia Baba mara moja tu, mwaka wa sitini, na Baba akamtemea mate kabla hajamaliza.

Alianza na mbio.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Watu walikuwa wamehamishwa na kufungiwa vijijini, handaki huku na huku, miti yenye ncha imesimamishwa ndani ya handaki. Huendi popote bila pasi. Kukimbia barabarani, hata kama unawahi mvua, kulikuwa hatari: mtu anayekimbia ni mtu anayetoroka. Sasa katikati ya hayo D.O., ofisa wa serikali ya mkoloni, akatangaza mashindano. Mbio za kupokezana, kutoka Runyenjes hadi uwanja wa Chuka, watu watatu kila timu. Ati watu wachangamke.

Mwalimu Naftaly wa shule ya kijiji chao akachagua watatu. Wa kwanza Kithaka, kijana wa nyumba ya tatu, mrefu, mwenye maneno ya kuchekesha. Wa pili Runji, akimbie mpaka daraja la Thuci. Wa tatu Munyi, baba yangu, miaka kumi na minane, mwenye kasi kuliko wote. Yeye ndiye angevuka daraja na kumaliza Chuka, maili kumi. Pasi ya Kithaka na ya Runji iliishia darajani. Munyi peke yake ndiye aliandikiwa avuke.

Na hapa ndipo palikuwa na uzito. Jina la Munyi lilikuwa kwenye orodha. Kuna mtu alikuwa amesema Munyi amekula kiapo cha Mau Mau, na lori la kwenda kambini lilikuwa linakuja Jumatatu. D.O. mwenyewe alimwambia Mwalimu Naftaly kwamba timu itakayoshinda, vijana wake wataandikwa kazi ya askari wa magereza, wakimbie katika timu ya huko, na majina yao yatafutwa. Kwa hivyo mbio zilikuwa Jumamosi na lori Jumatatu. Mama yao hakula tangu Alhamisi.

Sheria za D.O. zilikuwa mbili. Mtu mmoja asikimbie zamu mbili. Na kijiti kisiguse ardhi. Kikianguka, timu imetolewa.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya mama yao ashike kichwa. Huyo ndiye nyanya yangu. Kwa nyumba yetu kuna jambo moja ambalo hata mimi, na usomi wangu wote, nalifanya bila kufikiri. Mtu akifa akiwa na kitu cha kazi mkononi, jembe au panga au kuni, hukipokei kutoka mkononi mwake. Unaacha kianguke chini kwanza. Ardhi inachukua uchovu wake. Halafu ndiyo unaokota. Ukikipokea mkono kwa mkono, unachukua na uchovu wenyewe, na uchovu wa mtu aliyekufa hauna kulala.

"Hiki kijiti chenu hakiruhusiwi kuanguka?" nyanya aliuliza.

"Mama, ni mchezo," Runji akamwambia.

"Sawa," akasema. "Mimi nimeuliza tu."

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Ukungu uliondoka mapema. Runji alisimama mahali pake pa kupokelea, kwenye tambarare kabla ya mteremko wa kwenda Thuci, pamoja na wenzake wa timu nyingine. Mwalimu Naftaly alikuwa amewafundisha: ukimwona mwenzako amekaribia, mgeuzie mgongo, anza kukimbia, mkono nyuma, kiganja wazi. Usiangalie. Ukiangalia unapoteza hatua tatu.

Lori la askari likapita, likaacha vumbi. Na kutoka kwa hilo vumbi Runji akamwona Kithaka. Fulana nyeupe. Mbele ya wote, peke yake, anakuja. Runji alisema moyo wake ulicheka. Akageuka. Akaanza kukimbia. Mkono nyuma.

Alisikia miguu. Akasikia kijiti kimeingia kiganjani. Akasikia sauti karibu kabisa na sikio, chini chini, "Shika. Mimi nimechoka."

Kithaka hakuwa mtu wa kusema amechoka.

Runji akaenda. Nusu maili ya kwanza alikuwa mwepesi. Halafu kitu kikamshika magoti. Haikuwa pumzi, pumzi alikuwa nayo. Ulikuwa uchovu ambao si wake. Aliniambia, "Igandu, ni vile unavaa koti la mtu mwingine, na bado lina joto lake." Akatazama kijiti. Kilikuwa kimelowa. Akadhani ni jasho. Akataka kubadilisha, akishike kwa kushoto ajipanguse.

Mkono haukufunguka.

Akavuta kidole kimoja kimoja, huku anakimbia. Wapi. Na nyuma yake akaanza kusikia miguu. Akadhani ni timu ya kijiji cha Kyeni wamemfikia. Akageuka. Barabara ilikuwa tupu. Akigeuka mbele, miguu inaanza tena, hatua yake kwa hatua yake.

Alipofika mahali migomba inapokaribiana, baiskeli ikamfikia. Alikuwa Ndwiga, jirani yao, homugadi, yaani mlinzi wa upande wa serikali, lakini mtu mzuri. Ndwiga alikuwa amelia. Hakupiga kelele. Alinong'ona, akiendesha kando yake.

"Runji. Simama."

"Siwezi kusimama."

"Kithaka amepigwa risasi. Doria ilikuwa haijaambiwa habari ya mbio. Walimwona anakimbia, wakapiga."

"Kithaka amenipa kijiti sasa hivi."

Ndwiga alikanyaga pedali. Baiskeli yake ilikuwa inalia mnyororo.

"Runji, amelala kona ya kwanza, si hata maili moja kutoka Runyenjes. Mimi nimetoka kumfunika. Mkono wake uko wazi." Akatazama ngumi ya Runji. Akatazama damu. "Huyo aliyekupa ni nani?"

Ndwiga akafunga breki. Akabaki pale. Runji hakumwona tena mpaka mwaka wa sitini.

Basi ikawa ni yeye na barabara. Na ile miguu. Alijaribu kukiangusha. Nimwamini, alisema, alijaribu. Kikianguka wametolewa, na Munyi anapanda lori Jumatatu, lakini akasema afadhali kambi. Akapiga ngumi juu ya jiwe mpaka ngozi ikatoka. Haikufunguka. Alilia. Akaelewa kwamba ule mkono ungefunguka kwa njia moja tu. Ungefunguka ukikuta mkono mwingine.

Akashuka mteremko. Daraja likaonekana. Askari upande huu, askari upande ule. Na katikati ya barabara, mgongo umemgeukia, miguu imeshaanza kukimbia, mkono nyuma na kiganja wazi, mdogo wake.

"Vidole vilianza kulegea," baba mkubwa aliniambia. "Nilivisikia. Vilikuwa vinamtaka."

Akaubana mkono kifuani. Akampita.

Baba alisikia upepo wa mtu ukimpita, kiganja chake kiko wazi. Alimwona kaka yake mbele yake, anavuka daraja ambalo pasi yake haivuki, na kijiti chao. Alipiga kelele, "Runji! Zamu yangu! Runji!" Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia kwa upendo.

Askari walimwangusha Runji upande wa pili wa daraja. Walimpiga juu ya huo mkono kwa kitako cha bunduki. Haukufunguka. Akaenda kambi yake. Jumatatu lori likamchukua Munyi, akaenda kambi yake, na huko akavunjwa nyonga. Huyo aliyekuwa na kasi kuliko wote.

Nikamwuliza baba mkubwa, "Na miguu?"

"Gani?"

"Ya nyuma."

Akatazama chini, miguu yake ikisogea sogea kwenye sakafu. "Kithaka bado anakimbia," akasema. "Hajafika. Mimi pia sijafika. Watu wawili, mwanangu, miaka hii yote, na hakuna wa kutupokea. Na sitaki mtu atupokee. Usimruhusu mtu."

Alikufa Ijumaa, amekaa.

Tulimzika wiki iliyofuata, Alhamisi. Asubuhi ile, kabla watu hawajajaa, nilienda kwa Baba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisa, amekaa kitandani na fimbo zake mbili. Hakuwa ameamua kama atavuka ua. Nikamwambia yote. Baiskeli, damu, vidole vilivyolegea. Nilimwambia kwa hasira, nakubali, kwa sababu mimi ndiye nimebeba salamu zao maisha yangu yote.

Baba alitazama kiganja chake.

"Kwa hivyo aliuona mkono wangu," akasema.

"Aliuona, Baba."

"Mimi nilidhani hakuuona. Nilidhani alitaka kumaliza yeye." Akapangusa uso kwa kofia. "Miaka hamsini na tano. Aki Runji."

Akavuka ua. Watu walimpisha. Jeneza lilikuwa limefunguliwa kwa wale wa kumwangalia mara ya mwisho. Watu wa mochari walikuwa wameniambia walishindwa na ule mkono, wakauacha hivyo hivyo na kijiti chake. Baba akasimama pale. Akaweka fimbo moja chini. Nilijua kabla hajafanya. Mwili wangu ulijua.

Nikamshika koti. Nikamnong'oneza, "Baba, usikipokee. Wacha kianguke kwanza. Wacha kiguse chini."

Akanigeukia. Sijawahi kumwona amechoka hivyo, wala amefurahi hivyo.

"Kikianguka tumetolewa," akasema.

Akaweka kiganja chake wazi kando ya ile ngumi. Na ngumi, mbele ya macho yangu na ya mama kiongozi wa kanisa, ikafunguka. Kidole kimoja. Cha pili. Vyote. Bila kuvunjika, bila mlio. Watu wengine walidhani ni Baba amevuta. Mimi nilikuwa karibu. Hakuvuta; kijiti kiliingia chenyewe kiganjani mwake.

Tukazika. Saa saba na dakika ishirini pasta alimaliza, watu wakaanza kupanga foleni ya chakula. Najua saa kwa sababu niliangalia, nikiogopa sufuria za mukimo hazitatosha. Nikamtafuta Baba nimpakulie. Kiti chake kilikuwa kitupu. Fimbo zote mbili zimeegemezwa kwenye kiti, viatu viko chini ya kiti, vimepangwa vizuri, soksi ndani.

Tulimtafuta chooni. Tukamtafuta kwa nyumba. Tukateremka darajani, wengine wakaangalia mtoni. Mwanamume mmoja wa upande wa pili, anayeuza mchanga, akasema amemwona mzee amevuka. Nikamwuliza, anatembea? Akanitazama vibaya.

"Mama, yule alikuwa anakimbia."

Saa nane na nusu hivi simu ya ndugu yangu ikalia. Mtu wa Chuka. Amepata nambari kwenye mfuko wa koti la mzee mmoja aliyeko uwanjani. Tuje.

Maili kumi. Mzee wa miaka sabini na mitatu, nyonga moja. Nilipiga hesabu ndani ya gari, sikuweza kujizuia, ndiyo kazi yangu. Ilitoka saa moja au pungufu. Hata kijana wa kushinda mbio angeona ni muda mzuri.

Baba alikuwa amekaa kwenye nyasi, mgongo kwenye mti wa goli. Alikuwa amefariki. Nilimpapasa nyayo. Hazikuwa na kidonda. Hazikuwa na vumbi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi mzito baada ya kuvuna, na miguu yake, nilitazama sana miguu yake, ilikuwa imetulia. Kiganja cha kulia kilikuwa wazi, na kilikuwa kimelowa damu, na hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Kijiti hakikuwepo.

Kulikuwa na mama mmoja anauza ndizi langoni, Karwirwa, Mmeru wa huko Nkubu. Ndiye aliyepiga simu. Nilimvuta kando. Nikamwuliza neno moja tu lililonichoma moyo: kile kijiti alichokuwa nacho, kilianguka, au alimpa mtu?

"Mimi sikuangalia sana," akasema. "Nilikuwa na wateja. Wale wengine ndio wanajua."

"Wengine gani?"

"Si wale alikuja nao. Walikuwa watatu, pamoja na yeye. Wakaketi hapo pamoja, naona wamechoka sana. Mmoja kijana, mrefu hivi, alikuwa anachekesha wengine." Akatazama nyasi. "Sasa walienda wapi? Hawakupita kwa mlango wangu."

Nikarudi kwa mti wa goli. Nyasi zilikuwa zimelala mahali patatu, kwa kukaliwa. Pa katikati alikaa Baba. Na mbele ya mkono wake wa kulia, ardhini, palikuwa na alama: mfereji mdogo uliobonyea, urefu wa shubiri moja na nusu, umelowa mwekundu. Kijiti kiligusa ardhi. Hilo nalijua kwa hakika, na ndilo linanifanya nilale. Baba alimaliza, ndipo akakiangusha.

Nani alikiokota, sijui. Nimerudi mara nne. Nyasi zimeota kila mahali kwa uwanja ule, mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri, lakini ule mfereji hauna jani hata moja, na nikiweka kidole kinatoka na unyevu, hata kiangazi. Karwirwa alihamisha ndizi zake akaenda lango lingine.

Mimi nikichoka siku hizi sisemi. Kwanza naweka chini kila kitu nilicho nacho mkononi, chaki, kisu, hata simu. Ndipo nasema.